Kubingirika kwa Chembe Nyeupe za Damu: Modeli ya Kompyuta na Funzo lake kwa Malaria

Makala haya yanafafanua jinsi kompyuta inavyoiga mwendo wa chembe nyeupe za damu. Katika mshipa, chembe hizo husukumwa na mkondo kama vijiwe vya Mto Ntahangwa, upitao Gihosha, wakati wa mvua. Ila kuta za mshipa huzishika. Protini ziitwazo selektini hufunga vifungo vipya mbele ya chembe huku vya nyuma vikikatika, nayo hubingirika polepole hadi integrini ziisimamishe penye maambukizi.

Mwaka 1992, Hammer na Apte walichapisha modeli ambayo, kwa kila hatua fupi ya wakati, hukokotoa kani ya mkondo na ya vifungo, kisha huamua kwa bahati nasibu kipi kiundwe na kipi kikatike. Kanuni ya Bell ya mwaka 1978 inaeleza kuwa kani ikizidi, kifungo hukatika upesi zaidi. Kwa hiyo, kubingirika au kuganda hutegemea kasi ya kufunga na kufungua, wala si wingi wa vifungo pekee.

Hoja hii inaihusu Burundi, iliyotangaza mlipuko wa malaria Machi 2017. Chembe nyekundu zenye kimelea cha Plasmodium falciparum nazo hunata katika mishipa midogo, hata ya ubongo. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 1997, ulihusisha badiliko la protini ya ICAM-1 na malaria ya ubongo. Modeli ya namna hii inaweza kuonyesha badiliko kama hilo linavyoathiri mshiko, kabla ya kutafuta dawa ya kuulegeza.