Kabla ya Kuhama: Kipi Ugawe, Kipi Utupe?

Uhamisho ukishafika nyumbani, mama ndiye huanza kuhesabu vyombo. Serikali ya Tanzania ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, familia nyingi za watumishi zilifunga mizigo Dar es Salaam. Lori ni ghali, na nyumba mpya huenda ikawa ndogo. Hapo ndipo tunapowaita majirani waje kuchukua tusivyovihitaji.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini nikiwa muuguzi, nawaomba akina mama wenzangu tuchambue kwanza. Vipo vitu visivyofaa kuingia nyumbani kwa mwenzako.

Dawa zilizobaki. Usimpe mtu, hata kama anaumwa kama ulivyoumwa wewe. Vidonge vichache vya antibiotiki havitoshi dozi. Havimponyi, na vijidudu huzidi kuwa sugu. Zipeleke kituo cha afya au duka la dawa, uulize namna ya kuziharibu. Usizitupe jalalani, watoto huokota.

Chupa na madumu. Kilichowekwa dawa ya kuua wadudu kisigawiwe hata kikioshwa. Kitoboe kisitumike tena. Mafuta ya taa yasitolewe katika chupa ya soda, kwani mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akiyanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Godoro na kitanda. Kagua mishono ya godoro na maungio ya kitanda. Kunguni huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo kuanika juani siku moja hakutoshi. Ukiwaona, usimpelekee mwenzako mateso hayo.

Chandarua. Chenye dawa ya kudumu hutengenezwa kitumike kwa miaka 3 hivi. Kilichochanika vibaya hakimkingi mtoto na malaria.

Vinavyobaki ndivyo vya kugawa: sufuria, ndoo, sare za shule, nguo na viatu vilivyowabana watoto, vitabu. Anza wiki mbili kabla, si asubuhi ya lori. Fua nguo, shona vifungo, tafuta mfuniko wa kila sufuria. Shauriana na baba watoto, na watoto wenyewe wachague vitu vyao vya kuchezea. Kisha muulize jirani faraghani, "Hiki kitakufaa?" Akikataa, usimlazimishe. Vya ziada vipeleke kwa kikundi cha akina mama kanisani au kituo cha yatima, baada ya kuuliza wanahitaji nini.

Tusimsahau dada wa kazi, hasa kama hamtahama naye. Amewabeba watoto wako mgongoni. Mwache achague kabla ya wageni. Ila usimkate mshahara kwa sababu umempa godoro. Mshahara ni haki yake, mlipe wote kabla hamjaondoka. Godoro ni zawadi.

Mkiwa mmeshafika mwendako, jirani atakuwa anapikia sufuria yako. Asiwe anatafuta pa kutupa takataka zako.