Damu ya mzee tatu, chumba kimoja

Kabla ya Ramadhani iliyopita nilipaka chumba cha mama rangi ya damu ya mzee. Kwenye kadi ya dukani zilikuwepo tatu zinazofanana. Nikachagua moja nimesimama mlangoni mwa duka, jua la saa saba likiwaka. Jioni ya kwanza mama akaniuliza, "Mwanangu, stima imepotea?" Taa ilikuwa inawaka.

Kosa lilikuwa langu, si la fundi. Nyekundu zilizokoza ukizitazama mojamoja utadhani ni ile ile. Ziweke pamoja juu ya karatasi nyeupe. Utaona moja inaelekea zambarau, ya pili inaelekea hudhurungi kama udongo, na ya tatu ina uchungwa ndani yake. Taa yenye mwanga wa manjano huichangamsha ile ya uchungwa. Taa nyeupe huitokeza ile ya zambarau. Isitoshe, mwanga ukififia, jicho la binadamu hupoteza wekundu kabla ya rangi nyingine. Ndiyo maana nyekundu nzito ikifika magharibi huonekana nyeusi, hasa chumba ambacho dirisha lake latazama uchochoro.

Basi fanya hivi. Nunua mkebe mdogo wa kila rangi. Paka kila moja mara mbili kwenye kadibodi kubwa na usubiri ikauke, kwani rangi mbichi haifanani na iliyokauka. Iegemeze ukuta wa dirishani, kisha ukuta wa mkabala. Itazame asubuhi, alasiri na baada ya isha, kwa taa ile ile mnayotumia.

Ukishaamua, mwambie fundi aanze na andakoti ya kijivu badala ya nyeupe. Nyekundu nyingi hazifuniki vizuri, na juu ya nyeupe utapaka mara tatu au nne. Mikebe yote imimine kwenye ndoo moja na ukoroge, ukuta usije ukatoka mabaka.

Mimi niliishia kubakisha nyekundu ukuta mmoja tu, wa nyuma ya kitanda, na mitatu nikaipaka rangi ya maziwa. Mama sasa anasoma msahafu wake bila kuhamia barazani. Ufundi nimelipa mara mbili. Wewe lipia mikebe mitatu midogo.