Mkoba wa Mtoto Katika Safari ya Ndege

Leo tutazungumza juu ya safari ya ndege pamoja na mtoto mdogo.

Huenda ukauliza, "Sisi wa Sosiot na ndege, wapi na wapi?" Lakini siku hizi wengi wetu tuna jamaa Nairobi, Mombasa au ng'ambo, na uwanja wa ndege wa Kisumu hauko mbali. Hata kama wewe unapanda matatu kwenda Kericho tu, au basi la kwenda Nairobi, usizime redio. Mafunzo ni yale yale.

Tuchukue mfano. Mama ametoka Sosiot alfajiri na mtoto wa miezi 14. Amejitayarisha vizuri: ana nguo, ana dawa, ana hata pakiti za ORS. Lakini vyote amevitia katika sanduku kubwa. Kwenye matatu, sanduku likaingia buti. Kule Kisumu likapimwa, likapelekwa chini ya ndege. Ndege ikiwa angani, mtoto akaanza kuhara. Dawa iko chini ya miguu ya mama, lakini hawezi kuifikia. Na kama Nairobi anapanda ndege nyingine, pengine hatalipata sanduku lile mpaka mwisho wa safari.

Basi shika neno hili: kitu chochote ambacho mtoto anaweza kukihitaji kabla ya kufika, kikae katika mkoba ulio mkononi mwako.

Cha kwanza ni ORS. Mtoto mdogo anayehara au kutapika hupoteza maji na chumvi za mwili haraka kuliko mtu mzima, na kinachoua watoto katika kuhara ni huko kuishiwa na maji. Beba pakiti mbili au tatu, pamoja na zinki, kikombe na kijiko safi. ORS ni unga, kwa hiyo haikupi shida kwenye ukaguzi. Ukishapita, nunua maji ya kunywa yaliyofungwa. Soma pakiti kabla ya kuchanganya: nyingine ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Ukikosea kipimo, dawa haitafanya kazi yake sawasawa. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole. Endelea kumnyonyesha. Dawa iliyochanganywa ikipita saa 24, imwage.

Tia pia dawa anayotumia kila siku na dawa ya homa, kwa kipimo ulichoelezwa kliniki kulingana na uzito wake. Lakini mama, usimpe mtoto dawa ya mafua ili alale njiani. Dawa hizo zinaweza kumzidi nguvu na hata kumharibia pumzi.

Cha pili ni chakula. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji hata maji. Maziwa yako yanamtosha, hayahitaji chupa wala moto. Kwa mkubwa kidogo, beba ndizi mbivu ambazo hazijamenywa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto au baridi kabisa, kwa maana vijidudu hupenda vuguvugu. Ukibeba uji, utie ukiwa moto sana katika chupa ya chai iliyo safi, na uupoze kikombeni kabla ya kumlisha. Mursik tuiache nyumbani, tutaikuta tukirudi.

Cha tatu ni nguo na nepi. Usihesabu muda wa ndege tu. Kutoka Kisumu hadi Nairobi hewani ni chini ya saa moja, lakini mtoto yuko njiani tangu alfajiri. Hesabu nepi moja kwa kila saa mbili au tatu, uongeze mbili za akiba. Weka kitambaa chenye unyevu, mfuko usiopitisha maji wa kutia vilivyochafuka, na nguo moja kamili ya kubadilisha. Sosiot asubuhi ni baridi, Kisumu ni joto, na ndani ya ndege huwa baridi tena. Kwa hiyo mvalishe nguo nyepesi kadhaa unazoweza kuvua na kurudisha, na beba shuka ndogo. Tia na fulana yako moja, maana akitapika, hachafuki peke yake.

Cha nne ni karatasi. Beba kijitabu cha kliniki ili mhudumu yeyote aone uzito na chanjo zake. Beba cheti cha kuzaliwa. Kwa safari ya nje, mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe. Katika safari nyingi za nje, vitu vya majimaji visizidi mililita 100 kwa chupa, lakini maziwa ya mtoto na dawa zake huruhusiwa kwa kiasi cha safari. Vitoe, umwonyeshe mkaguzi. Wembe na kisu viende kwenye sanduku kubwa.

Sasa, masikio. Ndege inapopanda, na zaidi inaposhuka, hewa hubadilika na masikio huuma. Mtoto hulia kwa maumivu, si kwa utundu. Mnyonyeshe wakati huo, au mpe kinywaji kidogo kidogo. Kumeza hufungua masikio. Kama ana mafua makali au sikio linatoa usaha, mpeleke kliniki kabla ya siku ya safari.

Mwisho, zijue dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, macho yameingia ndani, amelegea, ana degedege, anapumua kwa shida, au anahara damu. Ukiwa katika ndege, mwite mhudumu mara moja. Ukiwa katika matatu, mwambie dereva akufikishe kituo cha afya kilicho karibu. Usione haya kusimamisha safari ya watu. Safari itaendelea.

Mama, leo jioni funga mkoba huo, kisha jiulize: sanduku kubwa likipotea, mtoto wangu atafika salama? Ukijibu ndiyo, mkoba umekamilika. Safari njema, na tukutane tena katika mazungumzo yajayo.