Mshipi wa Sare Humwambia Nini Mvaaji?

Ni desturi ya askari kuitazama sare yake kila asubuhi: vifungo ving'ae, viatu ving'ae, mshipi ukae sawa. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kujiuliza kwa nini mshipi uliofungwa tundu la pili siku za ukuruta leo umefika tundu la mwisho?

Swali hilo si la mzaha. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Walifanya kazi katika basi moja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa hawakufa upesi kama wao. Mwaka 1956 wataalamu hao walichunguza vipimo vya sare, wakaona kwamba suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, hata kwa vijana. Kwa hiyo kiti hakiwezi kubeba lawama yote peke yake.

Hata hivyo, askari wengi huanza kazi kama kondakta na kuimaliza kama dereva. Kuruta hukimbia alfajiri. Cheo kikipanda, hukaa mezani, huku sahani yake ikibaki ile ile ya kuruta.

Wasaidizi wa kiti ni tumbaku, pombe ya kupita kiasi, kisukari, mafuta mengi katika damu na shinikizo la damu. Hili la mwisho lina hila, kwani mara nyingi halina dalili. Mimi niandikaye haya, karani wa mezani, nilikwenda zahanati kwa ajili ya kidonda cha mguu, nikapimwa na kukutwa na 160 juu ya 100, wala kichwa hakikuwa kikiniuma. Kipimo kikifika 140 juu ya 90, nacho kikarudia hivyo siku nyingine, yafaa kumsikiliza daktari.

Mama naye asidhani habari hizi ni za baba tu. Maradhi haya huwaua wanawake pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula. Basi chumvi ipunguzwe jikoni, wala isiwekwe mezani. Baba naye aache sigara, kisha watembee pamoja kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma.

Na mtu akibanwa kifua, maumivu yakienea mkononi au tayani, asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu huonekana kila asubuhi tufungapo mshipi.