Mfumo wa Kuendeshea Kiwanda Hupimwa Siku ya Dhiki

Tarehe 24 Julai 1994, dhoruba ya radi ilipita juu ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales. Mitambo ikayumba, na mafuta yakaendelea kusukumwa kwenye chombo ambacho valvu yake ya kutolea ilikuwa imefunga. Skrini za chumba cha udhibiti zilionyesha valvu hiyo iko wazi. Saa kama tano baadaye kiwanda kikalipuka, watu 26 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kwamba katika dakika 10.7 za mwisho, waendeshaji wawili walimiminiwa kengele za tahadhari 275. Piga hesabu: kengele moja kila sekunde mbili na ushei. Hata kuisoma huwahi, sembuse kuifanyia kazi.

Kisa hiki hunijia kila ninapoulizwa swali ambalo mameneja wa viwanda hulipenda: kati ya mifumo hii ya udhibiti, upi ni rahisi kutumia?

Mfumo wenyewe, ambao mafundi huuita DCS, si kompyuta moja kubwa. Ni vidhibiti vingi vidogo, kimoja kikisimamia boila, kingine tanuri, kingine matangi, vyote vimeunganishwa kwa mtandao na kuonekana kwenye skrini za chumba kimoja. Kampuni za Honeywell na Yokogawa zilitoa mifumo yao ya kwanza ya aina hii mwaka 1975. Kabla ya hapo palikuwa na ukuta mzima wa geji, na mwendeshaji mzoefu aliutupia jicho mara moja tu akajua sindano ipi imelala vibaya. Skrini ziliukata ukuta ule vipandevipande, zikaupanga kurasa kwa kurasa. Tulipata nafasi, tukapoteza lile jicho moja. Tangu hapo, ugomvi wote wa urahisi wa matumizi ni juhudi za kulirudisha.

Wauzaji huja na maonyesho ya kupendeza: matangi ya rangi, pampu zinazozunguka, miali ya moto inayocheza. Lakini maonyesho hayo hufanywa mtambo ukiwa umetulia, na mtambo ukitulia kila mfumo ni mzuri. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi utafute dhiki uilete mezani.

Chukua tukio moja, kwa mfano tangi linajaa polepole kwa sababu valvu ya kutolea imekwama. Liweke kwenye kiigizo cha kila mfumo unaoshindanishwa. Wakalishe waendeshaji wa zamu, si mameneja, kisha ushike saa. Wamechukua sekunde ngapi kugundua? Wamebofya mara ngapi kufika penye tatizo? Wamekosea wapi?

Tazama kwa karibu. Mwendeshaji anabofya picha ya tangi, kidirisha kinafunguka: kiwango kinachotakiwa, kiwango kilichopo, valvu imefunguka asilimia ngapi, iko otomatiki au mkononi. Katika mfumo mmoja kidirisha hicho kinaziba grafu ileile aliyokuwa akiifuatilia. Inabidi akisogeze kwanza. Katika mwingine kinafunguka pembeni. Mchana jambo hili ni dogo. Saa tisa usiku, kengele zikilia, si dogo hata kidogo.

Kisha uliza: rangi hii inayosema valvu imefunga inatokana na valvu yenyewe au na amri iliyotumwa tu? Mwaka 1979, kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, taa iliwaambia waendeshaji kwamba amri ya kufunga valvu imekwenda. Wao wakaelewa valvu imefunga, kumbe imebaki wazi. Uliza pia kama kinachoingia na kinachotoka vinaonekana ukurasa mmoja. Katika kiwanda cha mafuta cha Texas City, mwaka 2005, vilikuwa kurasa tofauti, na mnara ukajaa kupita kiasi bila kugundulika. Watu 15 walikufa.

Halafu kuna kengele. Mwongozo wa EEMUA 191, unaofuatwa na viwanda vingi duniani, huhesabu kwamba siku ya kawaida mwendeshaji humudu takriban kengele moja kila dakika 10. Zikizidi 10 katika muda huo, hayo ni mafuriko. Milford Haven, asilimia 87 ya kengele zilikuwa zimepewa daraja la juu. Ukiwakalisha wageni wote kiti cha mbele, mgeni rasmi humjui ni nani. Ndiyo sababu wasanifu wa sasa hupendelea skrini za kijivu zisizo na madoido, rangi kali ikiachiwa hatari peke yake.

Hapo ndipo jibu langu huwakera wanaotaka jina la kampuni. Mfumo ni kitambaa. Nguo hutegemea fundi cherehani. Viwanda viwili vinaweza kununua mfumo uleule, kimoja kikaufurahia na kingine kikaulaani, kwa sababu kurasa na kengele zilipangwa na watu tofauti. Kwa hiyo pima pia violezo vinavyokuja na mfumo, na urahisi wa mafundi wako kuurekebisha ukurasa bila kumsubiri mgeni kutoka ng'ambo.

Niliwahi kukaa zamu nzima na mwendeshaji aliyebandika vikaratasi kuzunguka skrini yake. Kimoja kilisema: "Pampu ya 3, ukurasa 14 kisha 22." Kingine: "Hii kengele usiijali." Kabla hujaita wauzaji, nenda kwenye chumba chako cha udhibiti usome vikaratasi vya namna hiyo. Kila kimoja kimeandikwa na mtu aliyekwama, na maswali ya kuwauliza wauzaji yamo humo.