Ukirudi Nyumbani na Kanula

Mganga wa kituo cha afya amesema utachomwa sindano ya mshipa kila siku kwa siku 5. Hukulazwa. Unalala nyumbani, na kila asubuhi unarudi kituoni. Ili usitobolewe mshipa kila siku, muuguzi amekuwekea kanula mkononi na kuibandika plasta.

Watu wengi hudhani sindano ya chuma imebaki ndani. Sivyo. Sindano ilitoboa njia tu, kisha muuguzi akaichomoa. Kilichobaki ni mrija mwembamba na laini wa plastiki. Basi usiogope kukunja vidole. Lakini mrija huo ni mlango. Dawa hupita hapo mpaka kwenye damu. Vijidudu navyo vinaweza kupita hapo hapo, na vikifika kwenye damu vinaweza kuua.

Kwa hiyo plasta isilowe. Ikilowa au ikibanduka, rudi ibadilishwe. Unapooga, mkono huo uweke nje ya maji. Kufua, kukama na kulima, waachie wengine kwa siku hizo. Najua si rahisi wakati wa palizi. Ndiyo maana ni vizuri kumwomba muuguzi mapema aiweke kwenye mkono usioutumia sana. Usifungue kifuniko chake, wala usikubali jirani au muuza dawa akupitishie dawa humo.

Itazame asubuhi, mchana na jioni. Pakiuma, pakiwa pekundu, pakivimba au pakitoa usaha, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Mkono ukivimba wakati dawa inaingizwa, sema papo hapo, kwani huenda dawa inamwagika nje ya mshipa. Ukipata homa na kutetemeka, nenda hata kama ni usiku. Kanula ikichomoka, usiirudishe. Bonyeza hapo kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, halafu nenda kituoni.

Muuguzi naye ana kazi yake. Anawe mikono, asugue mdomo wa kanula kwa spiriti, angoje ukauke, ndipo aingize dawa. Akisahau, mkumbushe kwa adabu.

Siku ya sindano ya mwisho, usiondoke kabla hajaitoa. Wako wanaobaki nayo, ati huenda ikahitajika tena. Mwambie aitoe. Ni kazi ya dakika chache, na haiumi kama ilipoingia.