Kuta za Ofisi ya Mwanhuzi

Mkulima wa pamba atokaye mbali kwa baiskeli hadi Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, huketi barazani mwa ofisi ya umma akingoja zamu yake. Pengine hungoja saa moja, pengine tatu. Twauliza: ukuta ulio mbele yake umwambie nini?

Wapo watakaotujibu kwamba Meatu ni nchi ya ukame, nayo yahitaji maji kabla ya picha. Hoja hiyo twaiheshimu, wala hatutaki hata senti moja iondolewe kisimani. Lakini nyumba ya umma haina budi kupakwa rangi kila baada ya miaka kadhaa, kwa fedha ya mkulima yule yule. Rangi hiyo, ikitiwa mkononi mwa mchoraji, yaweza kuonyesha mashamba ya pamba iliyopasuka, mibuyu, na mto Sibiti ukitoka ziwa Kitangiri kwenda kumwaga maji yake katika magadi ya Eyasi.

Wala hatuleti jambo geni. Wasukuma wamechora kutani tangu zamani. Bayeye, wale wachezao na nyoka, walipamba kuta za nyumba zao za mafunzo, na Hans Cory akatoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Kule Murang'a, Kenya, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Yesu katika kanisa mwaka 1959, akayaweka katika vilima vya nchi ile ile na kati ya watu wake.

Sasa neno kwa madiwani. Kazi hii wasipewe watu wa kuleta Kilimanjaro na twiga, kama picha za kuuzia watalii. Kilimanjaro ni mlima mzuri, lakini mtu wa Mwanhuzi hauoni akitoka nje asubuhi. Watafutwe vijana wa Meatu wenye kipaji, walipwe ujira kamili kama alipwavyo fundi mwashi, si soda na ahsante. Nao kabla ya kushika brashi wawaulize wazee jinsi Sibiti inavyofurika.

Na yule mkulima wa barazani, akisema kwamba pamba haipasuki hivyo wakati mvua ingali ikinyesha, mchoraji ashuke ngazini, amsikilize, kisha apande tena kurekebisha.